Mwalimu Mwavuli, Aliyefundisha Kuachana na Kukutana

Marehemu, ambaye wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Mwavuli likamganda mpaka mwisho, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi makufuli. Mama yake alikuwa mkunga. Yeye alikuwa kitinda mimba, na mbele yake alikuwepo dada mmoja tu. Mabinti hao walilala kitanda kimoja, wakachana nywele kwa kitana kimoja, na mmoja akichapwa walilia wote. Mama yao alizoea kusema, "Hawa ukimwita mmoja, wanaitika wawili."

Alianza shule Januari 1964. Alipokuwa darasa la tano, dada yake alichukuliwa na shangazi yao mwenye duka la vitambaa katika mji mwingine, akakulia huko, akaolewa huko. Dada akawa mtu wa biashara, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Mdogo alibaki na vitabu. Baadaye alimwambia mpwa wake kwamba usiku ule wa kwanza alilala pembeni kabisa mwa kitanda, kama kawaida yake, na hakuwahi kuzoea kulala katikati. Alimaliza sekondari mwaka 1975, na chuo cha ualimu mwaka 1978, somo lake likiwa biolojia.

Februari 1979 aliajiriwa katika shule ambayo hakuihama mpaka alipostaafu. Darasa lake lilikuwa la mwisho kwenye varanda, lenye sinki lisilotoa maji na dirisha linalotazamana na ukuta. Aliwafundisha watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, umri ambao mtu hucheka kila kitu. Somo alilolipenda kuliko yote lilihusu jinsi viumbe wanavyobadilika, vizazi kwa vizazi. Aliingia na mwavuli mbovu, akaufungua, akawaonyesha vyuma vyake: "Hivi ni vidole. Hili ni bawa la popo. Sasa tazameni mikono yenu." Kisha akachora pezi la nyangumi, na mifupa ikawa ile ile. Hapo aliandika ubaoni KUACHANA: ndugu wa ukoo mmoja, maisha yakawapa sura mbalimbali. Upande wa pili aliandika KUKUTANA, akachora papa na pomboo. "Huyu ni samaki. Huyu ananyonyesha mwanawe. Si ndugu wa karibu hata kidogo, ila maji ni yale yale, basi wakafanana." Waliopita mikononi mwake wamesahau mengi, lakini maneno hayo mawili hawajayasahau.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na mpima ardhi, mtu mpole aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1986. Kazi ilimpeleka bwana huyo mbali. Mwanzoni alirudi kila mwisho wa mwezi, kisha kila mwisho wa mwaka, kisha zikabaki salamu za simu. Hawakugombana, hata majirani walikosa cha kusengenya. Bwana alipofariki mwaka 2009, marehemu alisafiri kwenda mazikoni, akakuta watu wasiomjua, akakaa viti vya nyuma pamoja na wageni.

Mwaka mmoja, katikati ya somo, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, popo na nyangumi waliachana kwa nini? Nani alikosa?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mwanafunzi, aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha na kuketi nyuma, aliinamisha uso, maana habari za nyumbani kwa marehemu shule nzima ilizijua. Yeye aliweka chaki chini, akajibu taratibu: "Hakuna aliyekosa. Mmoja alifuata chakula majini, mwingine akakifuata hewani. Wakakaa hivyo miaka mingi mno, na leo wakipishana hawajuani. Ila mifupa inajua."

Mwaka 1996 mzazi mmoja, dereva wa lori, alifika shuleni kuuliza ni nani aliyemwambia mwanawe kwamba ana undugu na popo. Mkuu wa shule aliogopa maneno. "Mwalimu, ruka mada hiyo. Maua yapo, wadudu wapo, fundisha hao."

"Nikiruka, watoto watauliza kwa nini nimeruka," alisema marehemu. "Niwajibu nini?"

Alitolewa darasani, akapewa ufunguo wa maktaba. Kwa miaka mitatu alikula chakula chake cha mchana baina ya rafu, kwa sababu kila alipoingia ofisi ya walimu, wenzake walikumbuka kazi za nje na kutoka na vikombe vyao. Siku moja yule dereva alimfuata maktabani, akasimama mlangoni. "Mwalimu, mimi niliuliza tu. Sikutaka wakuondoe."

"Najua," alimjibu. "Ingia, ukae kidogo." Lakini lori lilikuwa barabarani, naye hakukaa. Mkuu mpya alimrudisha darasani mwaka 1999.

Ugonjwa wa koo ulimwanza mwaka 2016. Novemba alifanyiwa upasuaji uliomwokoa, ila sauti haikurudi. Zilibaki wiki chache kabla ya kustaafu, naye akaandika kuomba somo moja la mwisho. Februari 2017 alisimama mbele ya watoto bila neno. Aliinua mkono, akatanua vidole, akapunga polepole. "Popo," alisema mtoto mmoja. Akavibana vidole, akakata hewa kama anaogelea. "Nyangumi," wakasema wengi. Waliendelea hivyo mpaka kengele ilipolia, wao wakiwa ndio sauti yake.

Miaka iliyofuata aliishi peke yake. Binti yake, mhasibu ng'ambo, alipiga simu kila Jumapili, akasimulia, na mama akajibu kwa kugonga simu kwa ukucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Akitaka binti aendelee kuongea, hakugonga kitu.

Ugonjwa ulirudi mwishoni mwa 2023. Mei 2024 dada yake aliingia wodini na kapu lake, baada ya miaka mingi ya kuonana misibani tu. Muuguzi aliwatazama, huyu mnene mwenye vito na kicheko, yule mwembamba kama uzi, akauliza, "Mama, wewe ni nani kwake?"

"Tumbo moja," alijibu dada.

Alivuta kiti, akatoa kitana, akaanza kumchana nywele huku akiongea kwa niaba ya wote wawili. Alikuja kila siku. Marehemu aliaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, akiwa amelala pembeni mwa kitanda, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake.

Ameacha dada mmoja, binti mmoja na mkwe, wapwa watatu, mjukuu mmoja aliyemjua kwa kusikia ukucha simuni, na wanafunzi wasiohesabika.

Apumzike kwa amani, na upweke usimfuate huko aendako.