Pale Sindano Inaporuka

Muuguzi alikuwa amefumba macho ili abiria wa treni wadhani amelala, lakini masikio alikuwa ameyatega. Mbele yake fundi saa alikuwa amepakata santuri ya jazi iliyofungwa kwa taulo, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Hii ndiyo iliyokuwa imebaki," alimwambia mama aliyekaa naye. "Za zamani ninazo zote, ila ya wimbo huu niliyonayo nyumbani ina mkwaruzo. Tarumbeta ikiingia tu, sindano ya gramafoni inaruka. Leo nimepata nzima. Nimeshinda, mama."

Mama alitaka kujua nyumbani walikuwa wakiichezaje hiyo yenye mkwaruzo.

"Sindano ikiruka, na sisi tunaruka. Mimi, mke wangu, watoto. Juzi kwenye harusi ya binti yetu bendi ikaupiga wimbo huohuo. Ukumbi mzima unacheza taratibu, sisi peke yetu tukaruka. Bwana harusi alikanyagwa, maskini, hakuwa ameambiwa."

Muuguzi aliuma mdomo, maana aliyelala hacheki.

"Sasa hiyo nzima ya nini, kaka? Utawaharibia watoto dansi yao."

"Yalikuwa makosa, mama. Wimbo wenyewe hauruki."

"Wa kwenu unaruka."

"Kuanzia leo tutaucheza sawasawa," fundi alisema, na treni ikasimama.

Aliinuka, santuri kifuani, kidevu juu, akiupiga mluzi wimbo wake kama jemadari anayerudi na ushindi. Alipofika mlangoni mluzi ukafika kwenye tarumbeta, na fundi, na kidevu chake, na santuri yake nzima, wakaruka.