Mara Mbili, Msomaji wa Matangazo ya Vifo

Wazee wetu, mama zetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, na mniwie radhi nikikwama, maana mwenye kazi hii ndiye aliyelala mbele yetu.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi wa injini na mshona nguo, akasoma shule ya msingi hapo hapo relini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari hadi 1989. Shangazi anasema alisoma kwa sauti kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa saruji, mpaka babu akamwambia, "Wewe, tupumzishe masikio."

Tarehe 2 Februari 1991 aliajiriwa redioni kuwa mtunza kanda, na kwa kuwa kanda mpya zilikuwa adimu, kazi yake ilikuwa kufuta vipindi vilivyozidi siku thelathini ili kanda zitumike tena, akazifuta sauti za waliomtangulia kama alivyoagizwa. Mwaka 1996 alipewa kusoma matangazo ya vifo ya saa moja jioni, na kwa kuwa alirudia kila jina, taratibu, ili aliye mbali na redio apate kusogea, wasikilizaji wakamwita Mara Mbili. Wenzake walimtania kwamba akikohoa tu hewani, watu wanaanza kuhesabu ndugu zao.

Huko kazini alimpata mama, karani wa dirisha la matangazo, kwa kutoka studio kila siku kuuliza neno hili ni lipi, hadi mama akamwambia, "Kaka, mwandiko wangu unasomeka hata na mwenye mtoto wa jicho, sema shida yako." Akaisema, wakafunga ndoa tarehe 11 Desemba 2004, wakajaliwa watoto watatu, mimi binti yao wa kwanza mwaka 2008, mdogo wangu wa kike 2012, na kitindamimba wetu wa kiume tarehe 3 Mei 2021.

Mwishoni mwa mwaka huo sauti yake ilianza kukwaruza, akadhani ni mafua, na tarehe 19 Januari 2022 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya koo, akaamka hana sauti, kitindamimba akiwa na miezi minane. Tangu hapo alisema nasi kwa kuandika daftarini, nami mwaka 2023 niliacha shule kidato cha pili ili nimsomee hospitalini na dukani, na nikiharakisha alikuwa akiniandikia, "Mama, unasoma kama umefukuzwa na mbwa."

Mwaka jana aliniandikia kwamba linalomkosesha usingizi ni moja tu, mtoto wake wa mwisho haijui sauti yake. Nyumbani hatukuwahi kumrekodi, nani anamrekodi mtu anayemwita kula kila siku, basi tukaenda redioni, mtunza kanda wa sasa akafungua makabati yote na kompyuta, hakukuwa na hata kanda moja yenye sauti yake, zote zilikuwa zimefutwa, na baba akaandika, "Usimlaumu, nilimfundisha mimi."

Alifariki Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, wodi namba tatu, mama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka 54, miezi miwili na siku 23.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na wafanyakazi wenzake ambao jana mlisoma jina lake mara mbili.

Wengi wenu baba aliwasomea misiba yenu, na tunajua baadhi mliyarekodi matangazo hayo. Tunachoomba si kidogo, lakini mwenye kanda ya tangazo la mtu wake, hata kama inakwaruza, atuazime, tukae na mdogo wetu tumwambie huyu ndiye baba, kisha tutairudisha mikononi mwake kama ilivyokuja.

Pumzika kwa amani, baba.