Boneti Iliyofunika Pipa: Maisha ya Babu Yetu, Fundi Kiganja

Marehemu babu yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kiganja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili na wa kiume pekee wa mshona viatu na mkewe. Alizaliwa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mahali ambapo nyundo ziliamka kabla ya jogoo. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu hakubembelezwa kwa wimbo, alibembelezwa kwa chuma, na siku karakana ikifungwa alikuwa halali wala halazi mtu.

Alianza shule mwaka 1949 akaiacha 1954, macho ya baba yake yalipoanza kufifia. Shuleni hakung'ara. Mwalimu wa hesabu alimkuta mara nyingi anapapasa dawati badala ya kuandika. Siku moja akamuuliza, "Wewe unatafuta nini hapo?" Akajibu, "Bonde, mwalimu." Mwalimu alimpa fimbo moja ya bonde na nyingine ya mlima. Hadithi hii aliisimulia mwenyewe, na kila akiisimulia alikuwa anacheka peke yake mpaka anakohoa.

Mwaka 1956 alipokelewa kwenye kiwanda cha magari kujifunza kazi ya bodi. Enzi hizo bati la gari la mashindano halikutoka kwenye mashine likiwa na umbo. Lililazwa juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, likapigwa kwa nyundo ya mti, polepole, mpaka likakubali. Kisha fundi alifumba macho na kupitisha kiganja, kwa kuwa jicho hudanganywa na mng'aro. Babu alitumia cha kushoto, maana cha kulia kilishakufa ganzi. Tabia hiyo hakuiacha kazini. Sufuria mpya ikiingia nyumbani ilipapaswa kwanza. Watoto walipozaliwa, na baadaye sisi wajukuu, alitupapasa vichwa mmoja mmoja. Kwa karibu wote alisema, "Huyu safi." Inasemekana kwa mtoto wake wa kwanza, ambaye ni baba yetu mkubwa, alisema, "Huyu tutamnyoosha baadaye," na nyumba nzima ikacheka. Hakumnyoosha.

Mwaka 1965 alihamishiwa chumba cha majaribio. Vioo vya chumba hicho vilipakwa rangi watu wasichungulie. Humo lilitengenezwa gari moja tu, la kujaribia mambo ambayo kiwanda kilikuwa hakijathubutu kuyauza: injini ilikaa nyuma ya mgongo wa dereva, na bodi ilikuwa ya aluminiamu nyembamba, imechongoka mbele na nyuma kama mbegu ya tikiti. Kwenye hati liliandikwa Jaribio. Mafundi waliliita Unyoya, kwa sababu kila kilichowekwa ndani yake kilipunguzwa uzito kwanza.

Ulikuwepo mchezo katika chumba hicho, na babu alitaka usemwe. Kila fundi alichukua kipande chake cha chuma, akakitoboa matundu kwa keekee, akakipeleka kwenye mizani. Aliyepunguza uzito kuliko wenzake, na kipande kisipinde, alinunuliwa chai. Basi walitoboa bawaba za milango, walitoboa kanyagio, walitoboa mpaka ufunguo wa kuwashia gari. Dereva wa Unyoya, kijana mcheshi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, alikuwa akipita anawatania: "Jamani, mwisho mtanitoboa na mimi!" Babu alimjibu, "Wewe shemeji anza kupunguza tumbo." Walikuwa hawajawa mashemeji. Dereva alikuwa na dada, na utani hauna kodi.

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano, babu alishinda chai. Kipande alichokitoboa kilikuwa mkono wa usukani, ule unaoshika gurudumu la mbele na kulipeleka dereva anakotaka. Wenzake walikiinua juu kwenye mwanga, wakaona dari kupitia matundu yake, wakapiga makofi. Mkuu wa chumba alikitazama, akakipitisha. Babu alikunywa vikombe viwili.

Mashindano yalikuwa tarehe 11 Juni 1967, ya kupanda mlima kwa barabara ya changarawe. Unyoya, lenye namba 27, lilikuwa linakwenda kasi kuliko magari yote yaliyopanda siku hiyo. Kwenye kona moja kabla ya kilele mkono wa usukani ulikatika, ukakatikia kwenye tundu. Magurudumu yakashika njia yao na gari likashika yake. Dereva alifariki palepale. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Kiwanda kilitangaza kwamba dereva aliingia kona kwa mwendo uliomshinda. Babu alikuwa amesimama pale likitangazwa, akanyamaza. Siku chache baadaye mkuu wa chumba alimwita.

"Kata."

"Nikate nini, mkuu?"

"Lote. Nisikute kipande kikubwa kuliko sahani."

Akalikata. Yeye aliyelipapasa mwaka mzima akalipitishia msumeno, na mkono wa usukani ukaingia tanuruni pamoja na vipande vingine. Boneti peke yake aliifungia kwenye gunia akatoka nayo kwa mlango wa taka. Mjukuu wake alipomuuliza kwa nini boneti na si kitu kingine, alisema, "Ile haikuwa na tundu."

Alikwenda nyumbani kwa marehemu dereva kutoa pole, na dada mtu ndiye aliyefungua mlango. Babu alimwambia yote, ya keekee, ya mizani na ya chai, akiwa amesimama hapo hapo mlangoni, hajapewa hata kiti. Dada alifunga mlango. Babu akarudi wiki iliyofuata, mlango haukufunguliwa, akakaa kwenye ngazi mpaka jua likazama. Akarudi tena na tena, zaidi ya mwaka. Siku moja mlango ukafunguliwa na dada akasema, "Ingia basi. Majirani wamekuzoea kuliko mimi." Huyo ndiye bibi yetu. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1969, wakajaliwa watoto watatu.

Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia bibi akitamka kwamba amesamehe. Alichofanya ni hiki. Siku ya kwanza katika nyumba yao aliitoa boneti kwenye gunia, akaifunika juu ya pipa la maji uani, akasema, "Kila asubuhi ukitaka kunawa, utaanza na kaka yangu." Kisha akaingia jikoni akampikia uji.

Babu aliinyanyua kila asubuhi kwa miaka yote ya ndoa yao. Kwenye namba 27 iliyochorwa juu yake, mbili ilichubuka, ikabaki saba, na sisi tukakua tukiiita saba. "Nani ameacha saba wazi?" "Mwanangu, funika saba, paka anakunywa." Tulidhani kila nyumba ina saba yake. Bibi alipofariki mwaka 2011 tulifikiri ataiondoa. Hakuiondoa. Hata kifua kilipoanza kumsumbua, mtu akikimbilia kumfunulia pipa alimwambia, "Acha. Hiyo ni yangu."

Kiwandani aliondoka mwaka 1970, akafungua banda lake la kunyoosha bodi, akafanya kazi humo hadi 2009. Vijana aliowafundisha wamejaa hapa leo. Wanajua sheria yake moja: katika banda lake hakuna mtu kushindana. Aliyesema "mimi nimemaliza kabla yako" alitumwa kufagia.

Ugonjwa wa kifua, ambao daktari alisema ni wa vumbi la miaka mingi, ulimshika mwaka 2019. Alipokuwa anaugua nyumbani alikuja mgeni aliyevaa glovu nyeupe, nasi wajukuu tukamwita Bwana Glovu. Ni mkusanyaji wa magari adimu ya zamani, yale ya majaribio na ya mashindano, na ana ukumbi wa kuyaonyesha. Alikuja na baba mkubwa. Aliizunguka saba pale uani kama mtu aliyekuta ndugu aliyepotea.

"Mzee, Unyoya tumelijenga upya," alisema. "Kwa kufuata picha. Kila kitu kipo. Limekosa roho tu."

"Na roho mmekuja kuitafuta kwenye pipa langu?"

"Kipande kimoja cha asili kikifungwa, mzee wangu, wataalamu wataliandika kwamba ndilo lenyewe. Litakuwa lile lile."

Babu akauliza, "Ukichukua jino la marehemu ukamtia mtu mwingine mdomoni, huyo ndiye marehemu?"

"Baba, mgeni hakuja kuzungumza habari za meno," baba mkubwa akasema. "Kifuniko tutakununulia. Cha plastiki, kisichoshika kutu. Wewe chagua rangi tu."

"Aluminiamu haishiki kutu, mwanangu. Umekulia juu yake hujui?"

Halafu babu alitoa sharti, na sisi tuliokuwepo tulilisikia. Alisema wachukue boneti bure, wasimpe kitu. Ila kwenye kibao kinachosimama mbele ya gari waandike kwamba dereva hakukosea. Mkono wa usukani ulikatika, na aliyeutoboa ni yeye, Kiganja. Bwana Glovu alivua glovu moja, akaivaa tena. Akasema anaelewa uchungu wake, lakini kibao kilishaandikwa kufuatana na maelezo ya kiwanda ya wakati ule, na jambo kama hilo halipendezi kwenye maonyesho, watu huja na familia.

"Basi iacheni ifunike maji," babu akasema.

Usiku ule alitueleza tena yote, tangu keekee mpaka ngazi ya bibi, akasema, "Siku yangu ikifika, hili lisomwe. Nimechoka kusifiwa kwa gari lile." Baba mkubwa alikuwepo. Alikuwa anaangalia simu.

Tarehe 8 Agosti 2022 alilazwa hospitali. Alipokuwa huko, baba mkubwa alikuja nyumbani na gari la mizigo, akaondoka na boneti. Shangazi alisimama mlangoni akamwuliza, "Kaka, hiyo umeombwa na nani?" Akajibu, "Mzee harudi huyu, tusidanganyane. Na ikikaa hapa ni bati tu."

Mzee alirudi. Madaktari walimruhusu tarehe 29, wakisema akapumzike kwao. Kesho yake asubuhi aliomba kunawa. Shangazi alimshika upande mmoja, mjukuu aliyekuwa akimuuguza upande wa pili, wakamfikisha uani. Juu ya pipa kulikuwa na kifuniko cha buluu, bado kina karatasi ya dukani. Alikinyanyua kwa vidole viwili, akakigeuza, akafumba macho, akapitisha kiganja cha kushoto taratibu kutoka ukingo hadi ukingo kama alivyofanya maisha yake yote.

"Chepesi," alisema. "Hawa wamepunguza kuliko mimi. Wanunulieni chai."

Alirudishwa kitandani bila kunawa. Alifariki tarehe 2 Septemba 2022, saa tano asubuhi, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Wasifu huu baba mkubwa aliagiza uandikwe na mjukuu aliyemuuguza, akasema yeye hana nafasi ya kuupitia, mambo ya kawaida tu, ila usikose mstari huu: "Gari lake lingali hai na linaonyeshwa kwa fahari." Mstari umeandikwa, mmeusikia. Lililo kweli ni kwamba gari lile lilikatwa mwaka 1967 na marehemu mwenyewe, vipande visivyozidi sahani. Kinachoonyeshwa ukumbini ni kifuniko cha pipa letu, kilichotengenezewa gari. Na kibao kilichosimama mbele yake kinasema mpaka leo kwamba dereva alishindwa na kona. Dereva huyo alikuwa shemeji wa marehemu, kaka wa bibi yetu, mjomba wa watoto wao, na hakushindwa na kona.

Marehemu ameacha watoto watatu: baba mkubwa, shangazi anayewasomea haya, na baba yetu mzazi, wajukuu saba, kitukuu mmoja ambaye marehemu aliwahi kumpapasa kichwa, na mafundi wengi wanaofanya kazi bila kushindana.

Baada ya maziko, nyote mnakaribishwa nyumbani kwa chai. Wageni kutoka ukumbi wa maonyesho, mlioketi mbele na shada lenu, tafadhali msiondoke kabla ya kunywa. Ninyi marehemu aliwaachia agizo.

Naye apumzike kwa amani, asinyanyue kitu tena.