Mayu Milembe Anatafutiwa Simu

Benchi la Faki liko mbele ya duka la Imrani, ng'ambo ya stendi ya Bariadi, na kama hujawahi kulikalia, usijisifu kwamba umefika Bariadi. Wewe umepita tu. Ni ubao mmoja wenye miguu mitatu na tofali, na anayekalishwa upande wa tofali ujue ndiye mgeni. Asubuhi hiyo malori ya pamba yalikuwa yanapita kwenda kiwandani, Faki anamimina kahawa, na katikati ya benchi, juu ya kitambaa, simu mbili mpya zimelazwa kama wagonjwa wanaosubiri daktari: kitochi cha vibonyezo na simu ya tachi. Imrani alikuwa amezitoa dukani kwa mkopo wa macho tu, moja inunuliwe na moja irudi. Aliyetakiwa kuchagua ni Mwandu, dereva bodaboda anayejiita Turbo ingawa pikipiki yake huwaka kwa kusukumwa. Simu ilikuwa ya mama yake mzazi, Mayu Milembe, mwenyeji wa Lingeka, maana kwa Wasukuma mama ni mayu. Gari la Mwanhuzi, litakaloipeleka huko, lilishaanza kupiga honi. Konda alikubali kuibeba simu, kuisubiri hakukubali.

— Narudia kwa faida ya walioamka sasa hivi, Mwandu alisema. Kila nikimpigia, mayu ananiambia: "Mwandu, nina neno la kukuambia, lakini kwanza tusalimiane." Tunasalimiana. Tukilikaribia neno, puu! Simu inakata. Nikipiga kesho, hivyohivyo. Sasa mimi ni mwanaume, siogopi kitu, lakini hilo neno linanikosesha usingizi.

Alisema kwa kucheka. Usiku alikuwa ameligeuza hilo neno kila upande. Mara mayu anaumwa. Mara ng'ombe wameibwa. Mara amemtafutia mchumba, na hilo ndilo lililomtoa jasho zaidi.

— Hiyo ni betri, alisema Danford.

Danford huitwa Injinia kwa sababu aliwahi kuitengeneza redio ya Faki. Tangu siku hiyo inakamata Burundi tu.

— Kama ni betri, basi nampelekea tachi, Mwandu alisema. Mama wa Turbo ashike kitochi kama mlinzi? Nataka anione sura nikiwa juu ya pikipiki.

— Akuone sura ili iweje? Faki aliuliza. Alikuzaa, anaijua. Yuko kule Lingeka anapumzika asiione.

Danford alinyoosha kidole chake juu, kama mwalimu aliyesahau chaki.

— Tachi haimfai. Mayu Milembe analima?

— Mpaka leo. Pamba na mtama.

— Basi imeisha. Kidole kilicholima pamba, tachi haikioni. Inadhani umeigusa kwa kijiti. Mjomba wangu wa Maswa alinunuliwa tachi na wanawe, kidole kikagoma, akawa anapokea kwa ncha ya pua. Akishikwa na mafua, hapatikani.

— Wacha weee!

— Muulize mwenyewe. Lakini usimpigie leo, kuna vumbi.

Faki aliweka birika chini. Mtu wa Pwani huyo, na akianza habari huipaka mafuta kwanza.

— Jamani, mtu mzima anahitaji sauti. Shangazi yangu alipewa simu inayotamka. Ukibonyeza saba, inapiga kelele: saba! Ukibonyeza tatu: tatu! Mtaa mzima ukawa unajua anampigia nani na saa ngapi. Ndoa mbili zikavunjika, na yeye mwenyewe hana mume.

— Ninyi mnahangaika na vidole na masikio, alidakia Bujiku.

Huyu Bujiku ni mpima pamba kwenye mzani, na benchi lilimpachika jina la Tume, kwa sababu hakuna jambo asilolifanyia uchunguzi.

— Adui wa simu ya mzee kijijini ni ng'ombe. Nimefanya uchunguzi. Kuna bibi pale Ngulyati aliweka kitochi chake juu ya pumba, akaenda kuchota maji. Kurudi, ng'ombe amemeza.

— Muongo wewe!

— Kikawa kinaita tumboni. Na tangu hapo yule ng'ombe hapotei. Akichelewa kurudi wanampigia, wanafuata mlio porini.

— Na chaji je? Mwandu aliuliza.

— Ng'ombe anashinda juani kutwa nzima. Unadhani lile joto linaenda wapi?

Watu walimgeukia Injinia. Danford alikuna kidevu.

— Kitaalamu, alisema, inawezekana.

— Samahani, ilisema sauti nzito nyuma yao. Mimi natoka Ngulyati. Huyo ng'ombe ni wa nani?

Wote waligeuka. Juu ya pikipiki ya Mwandu alikuwa amekaa mwanamke mmoja, helmeti kichwani, mkoba mapajani. Aliitwa Esteria, alikuwa anawahi kikao cha kikoba, kile chama cha kuweka na kukopa, na alikuwa amekaa pale tangu habari ya betri. Mwandu alikuwa amemwambia "panda dada, tunaondoka," kisha akamsahau kabisa.

Bujiku alikohoa.

— Ng'ombe mwenyewe walishamuuza, dada.

— Ahaa. Na simu ndani?

— Ndani.

Benchi lililipuka kwa kicheko. Honi ya gari la Mwanhuzi ikalia tena, ndefu, na Mwandu peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Alinyanyua kitochi, akakirudisha. Akanyanyua tachi, akairudisha.

— Nisaidieni basi, jamani. Gari linaondoka.

— Nunua zote mbili, alisema Bujiku, ambaye aibu haikai kwake zaidi ya dakika. Moja iwe ya salamu, nyingine iwe ya neno. Mkimaliza kusalimiana kwenye hii, mnahamia kwenye ile, ina chaji kamili.

— Sasa hapo Tume umeongea! Danford alisema.

Esteria alipandisha kioo cha helmeti.

— Mdogo wangu, kwani hilo neno lenyewe ni lipi?

Mwandu alifungua mdomo. Akamtazama Danford. Danford akamtazama Bujiku. Walikuwa wamebishana tangu kahawa ya kwanza, wamevunja ndoa za watu, wamemlisha ng'ombe simu, na neno lenyewe hakuna aliyelijua.

— Ndilo hatujalifikia, Mwandu alisema, kwa sauti ndogo isiyomfaa mtu anayeitwa Turbo.

— Suluhisho ni jepesi, Danford alisema. Kata salamu. Mpigie sasa hivi, uliza neno moja kwa moja, maliza.

— Mayu wa Kisukuma umwanze bila salamu? Esteria alisema. Haya. Mimi nipo hapa, natazama.

Mwandu alipiga kwa simu yake, sauti akaiweka wazi kila mtu asikie. Iliita. Kwanza walisikika kuku wa Lingeka, kisha mwenyewe.

— Haloo!

— Mayu, neno lenyewe ni lipi? Sema haraka!

Alisikika kwanza akifukuza kuku.

— Nani wewe?

— Mimi Mwandu! Neno, mayu, neno!

— Mwandu wangu ana adabu, huwa anasalimia. Kumbe matapeli mmefika mpaka huku? Juzi mmesema nitume hela kwenye namba hii, leo mnajiita mwanangu. Shindwa, na ukoo wako ushindwe!

Simu ikakatwa kwa kishindo.

— Betri yake iko vizuri, alisema Bujiku.

Mwandu alipiga tena kwa pupa. Safari hii aliyejibu ni yule dada wa mtandao, asiyejua kumficha mtu aibu, akatangaza mbele ya benchi zima kwamba kifurushi kimekwisha.

Ilichukua muda kidogo kuwaingia. Esteria ndiye aliyeanza.

— Kwa hiyo simu ya mama haijawahi kukata hata siku moja. Anayekata ni wewe!

— Turbo! Faki alishika kiuno. Unanunua dakika za kuulizia bei ya nyanya, halafu unakwenda kumsalimia Msukuma? Chukua yangu hii. Ina dakika za mwezi mzima, na wa kumpigia nabaki na shangazi tu, namwogopa.

Mwandu aliipokea, akapiga, akavua kofia. Akasimama wima kabisa, kama mayu anamwona, akaanza na salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu.

— Mwangaluka, baba! Hapo sasa. Mhola? Ni salama huko?

— Mhola, mayu. Ninyi hamjambo?

— Hatujambo. Kuna tapeli mmoja amepiga hapa sasa hivi, hana hata adabu.

— Pole sana, mayu.

Danford alijiziba mdomo kwa kofia yake. Salamu zikaanza safari. Wakapita kwa Bujiku na mzani wake, kwa Injinia na watoto wake, kwa Faki na kahawa. Wakavuka kwenda zizini, ng'ombe mmoja mmoja, na yule wa pembe moja aliyekuwa anachechemea. Mayu Milembe akauliza kama pikipiki nayo haijambo, na Mwandu akajibu kwa heshima kwamba inakohoa kidogo asubuhi. Gari la Mwanhuzi likaondoka na hakuna aliyeligeukia. Esteria akavua helmeti, akakaa upande wa tofali, akanyoosha mkono apewe kikombe.

— Haya, baba, hatimaye Mayu Milembe alisema. Sasa ni lile neno.

Mwandu aliketi. 

— Unaumwa, mayu?

— Nani anaumwa? Sikiliza. Niko hapa na majirani, kina Kabula, tumelizungumza sana. Baba, simu yako ni mbovu. Kila tukisalimiana inakata. Naona aibu, mtoto wa kiume, mtu wa mjini, anatembea na simu ya namna hiyo. Nimetenga beberu mmoja auzwe, nikununulie nyingine. Sasa Kabula anasema tukuchukulie ya tochi, maana unaendesha gizani. Mama Mayige anasema ya kupangusa. Mimi nasema vidole vyako vimejaa oili, hiyo ya kupangusa itaviona kweli? Tunabishana tangu jana, mpaka kikombe cha uji kimepasuka. Basi tuamulie mwenyewe: wewe unataka simu ya namna gani?

Mwandu alizitazama zile mbili zilizolala kwenye kitambaa. Akamtazama Injinia. Injinia alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na amevaa ndala. Bujiku alikuwa anachunguza chini ya kikombe chake. Faki aliinua birika, akalitikisa, halikulia.

— Haloo? Baba? Upo?

Mwandu alizifunika zile simu mbili kwa ncha ya kitambaa.

— Mnaona? Mayu Milembe aliwaambia wenzake wa Lingeka. Imekata tena.