Mwalimu Iko na Swali Alilosahau

Wapendwa waombolezaji, Joseph Gikonyo Mutahi alizaliwa tarehe 14 Mei 1972 hapa hapa Karatina, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mutahi na Mama Wakiuru, na anayewasomea haya ni dada yake mkubwa, Wamucii, aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, kwa hivyo akikwama kidogo mtamvumilia.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1986, akamaliza sekondari mwaka wa 1990, akaenda Nairobi kusomea kompyuta wakati ambapo kwetu tulikuwa tunaiona kwenye picha tu, na mwaka wa 1996 akarudi kufundisha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika chuo kimoja mjini Nyeri. Tarehe 12 Desemba 1998 alimwoa Watiri, wakajaliwa Muriithi na Monicah.

Darasani alikuwa mkali, jamani. Alifundisha kwamba programu ikitaka kigeu cha mazingira, yaani thamani iliyowekwa nje yake, kwenye mfumo wa kompyuta, isidhani tu kwamba kimewekwa, maana kisipokuwepo itapewa utupu, na ikiutumia huo utupu itaanguka pale pale. Kila kazi aliyosahihisha aliuliza, "Iko?", na asiyeandika swali hilo alirudishiwa, hata wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Iko, naye akalipenda kuliko jina lake la ubatizo.

Hapa Wamucii alitaka kuruka, lakini Watiri amekataa katakata, akasema mumewe aliagiza yote yasomwe.

Mwaka wa 2019 Gikonyo na rafiki yake wa miaka mingi, Yasin, fundi umeme wa mtaa wa Majengo, huko huko Nyeri, walifunga kompyuta ya kuongoza mashine ya kukaushia mpunga katika kinu kimoja cha Wang'uru, kule Mwea, Gikonyo akaandika programu, Yasin akashughulikia nyaya. Tarehe 21 Novemba stima ilipotea, kompyuta ikaungua, Yasin akaweka nyingine, wala hakujua kwamba kiwango cha juu cha joto kilikuwa kimewekwa nje ya programu, kwenye mfumo wa ile ya zamani. Programu ilikiomba, ikapewa utupu, ikaanguka, mashine ikaendelea kupasha moto, na mavuno ya wakulima saba yakaharibika.

Mbele ya wakulima hao Gikonyo alisema, "Yasin, umechoma mpunga ya watu." Yasin alikusanya vifaa vyake akaenda, na tangu siku hiyo hakuna kinu Mwea kilichomwita tena.

Wiki hiyo hiyo Gikonyo alifungua programu yake, akaona kwamba yeye, Mwalimu Iko, hakuwa ameuliza. Aliongeza mistari miwili, akanyamaza. Alinyamaza miaka mitano, na kutoka chuoni hadi Majengo ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Ee Gikonyo, dakika ishirini tu!

Mwezi wa Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Akiwa kitandani alimweleza Watiri yote, akapiga simu kwa Yasin, namba ikawa haipatikani tena, akasema akipata nafuu ataenda mwenyewe. Alidhani siku hiyo iko. Alituacha Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Kwa hivyo, kwa niaba yake, familia inasema mbele yenu nyote kwamba Yasin hakukosa, kosa lilikuwa la Gikonyo, na tunaomba radhi. Wakulima wa Wang'uru mlio hapa, mkirudi mlirudie hili kwa sauti ile ile mliyotumia kulirudia lile la kwanza, la kwamba Yasin alichoma mpunga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, na walimu wenzake wa chuo. Jana Wamucii alienda Majengo, akabisha mlango, akauliza kwanza, "Yasin yuko?" Pumzika kwa amani, Mwalimu Iko, Yasin yuko, ameketi pale kando ya Watiri.