Mama Elizabeti, Mzee wa Baraza Aliyeuliza Kwanza

Mama yetu Elizabeti Fanueli alizaliwa Kwai, Lushoto, tarehe 14 Machi 1951, akabatizwa Pasaka iliyofuata.

Alisoma hadi darasa la saba. Siku moja, akiwa na miaka tisa, alimsindikiza mama yake kuuza karoti sokoni Lushoto, akaponyoka. Alikutwa amening'inia kwenye dirisha la mahakama, akisikiliza kesi ya wizi. Njiani kurudi nyumbani akauliza, "Mama, kama wanajua ameiba, mbona wanamwuliza?" Aliambiwa anyamaze, mlima bado mrefu. Hakunyamaza.

Mwaka 1972 alifunga ndoa na Lucian, mkulima wa kabichi, wakajaliwa Yudith na Samweli. Mzee Lucian alitangulia mwaka 2009.

Kuanzia 1994 hadi 2011 marehemu alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, mmoja wa wananchi wawili waliokaa na hakimu, wakasikiliza na kupiga naye kura. Jikoni alitufundisha kesi huku akichambua maharage. Shtaka husomwa, mshtakiwa hukiri au hukana. Akikana, kazi ya kuthibitisha ni ya anayeshtaki, hivyo mashahidi wake hutangulia na mshtakiwa huwauliza maswali. Kisha naye hujitetea. Hapo kwenye maswali ndipo watu wetu walipokwama, maana nani atamhoji mzee mbele za watu?

Mwaka 2003 alikwama Justin, kijana wa miaka ishirini na minne, ndiye huyu anayewasomea. Alishtakiwa kuiba mtamba wa jirani. Baba yake mkubwa alitoa ushahidi kwamba alimwona akimswaga ng'ombe huyo asubuhi bondeni. Hakimu akauliza, "Mshtakiwa, una swali?" Justin akainamisha kichwa. "Sina, mheshimiwa. Huyu ni baba yangu."

Kifungo kilikuwa kinanukia. Ndipo marehemu akaomba nafasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Uso wake uliuona?"

"Ukungu ulikuwa mzito. Niliona koti la mvua la kijani."

"Humu ndani makoti ya kijani ni mangapi?"

Mzee aligeuka, akahesabu kwa kidole. Alipofika la saba, mwenyewe akacheka. Hakimu alishikilia kwamba Justin ana hatia, lakini wazee wa baraza wawili walisema shtaka halijathibitishwa. Kura mbili kwa moja, Justin akaachiwa. Mwizi hajajulikana hadi leo.

Mwaka 2008 Justin alimwoa Yudith. Tangu hapo alitembea na swali lililomnyima raha: je, mama alimwamini, au ushahidi tu ulipungua? Lakini mkwe hahojiwi.

Figo zilianza kumsumbua mama mwaka 2023. Mei mwaka huu, Justin akimnywesha uji, uvumilivu ulimwisha.

"Shikamoo mama. Siku ile uliniamini?"

"Marahaba. Hapana, baba. Sikujua. Ndiyo maana niliuliza."

Justin alishusha kikombe. Iliuma, hafichi.

"Na Yudith je?"

"Yudith nilikupa bila kuuliza."

Alifariki nyumbani Kwai tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Yudith.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake Hawa, na mkwe wake Justin.

Shikamoo mama. Leo hatuna swali. Pumzika kwa amani.