Haron Kuria Macharia, Fundi wa Friji wa Riruta (1985–2025)

Wasifu huu umeandikwa na baba mdogo wa marehemu, Mzee Zedekiah, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, naye ndiye anayeusoma. Kazi hii hakuiomba. Jumatano iliyopita, familia ilipoketi kupanga ratiba ya mazishi, majina matatu ya wasomaji yalitajwa, na mama mzazi wa marehemu, Bi. Muthoni, akayakataa yote. Kisha akamgeukia Mzee Zedekiah, shemeji yake. "Baba Jackie, ni wewe ulienda kusema Haron ni mlevi. Ni wewe utasimama mbele ya hao watu useme ukweli. Na yangu pia uyaseme. Usinifunike." Kwa hivyo humu hamtasikia kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Haron aliugua kwa miaka thelathini na miezi kumi.

Alizaliwa hapa Riruta, Alhamisi tarehe 14 Machi 1985, kifungua mimba wa marehemu Mzee Macharia na Bi. Muthoni. Alifuatiwa na dada yake mmoja, Cate. Alikuwa mtoto mwenye maswali mengi na asiyejua kukaa mahali pamoja, na mpaka kufika miaka minane alikuwa ameshafungua redio ya babake mara mbili ili kumtafuta anayesoma habari.

Kwa desturi, aya ya ugonjwa huwekwa mwisho. Hapa haiwezi kungoja. Mwezi wa Mei 1994, akiwa darasa la tatu, Haron alianza kunywa maji kwenye bomba la shule bila kukoma. Alikonda nguo zikamvaa. Alianza kukojoa kitandani, akachapwa kwa hilo, na mama yake ameomba jambo hilo lisomwe. Jumatatu tarehe 16 alianguka gwarideni na kulala siku mbili bila fahamu. Madaktari walisema ni kisukari, kile cha watoto, na kwamba ataishi kwa sindano kila siku ya maisha yake. Muuguzi alimfundisha Bi. Muthoni kudunga, akamwonya kwamba dawa ya insulini lazima ikae baridi. Mzee Macharia akanunua friji kuukuu, akaiweka chumbani, kando ya kitanda chake. Majirani walipoisikia ikinguruma walisema Macharia amekuwa mchoyo hadi analala na nyama yake. Familia ikacheka, ikaacha uvumi huo usambae.

Uvumi wa nyama ulikuwa nafuu. Miaka ile, mtoto aliyekonda na nyumba yenye sindano vilikuwa na jina moja tu midomoni mwa watu, nalo ni ukimwi. Wazazi wakakata kauli kwamba neno kisukari halitavuka kizingiti. Hata Mzee Zedekiah, aliyekula chakula cha Jumapili katika nyumba hiyo kwa miaka mingi, hakuambiwa. Alimwona mtoto akitafuna kabla ya sala, akamwita mlafi mbele ya wageni. Hakuwahi kuuliza.

Haron alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1999 na akapita vizuri. Aliitwa shule nzuri ya bweni lakini hakwenda, kwa sababu huko hapangekuwa na mahali pa kuweka dawa yake kwa siri. Baba yake mdogo alimwambia amechezea bahati. Alisoma shule ya kutwa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003.

Ufundi wake aliupata kwa lazima. Friji ya chumbani ilikufa alipokuwa na miaka kumi na saba, dawa ya mwezi mzima ikiwa ndani, naye akaifungua kwa bisibisi na kisu cha jikoni hadi ikawaka. Mwaka 2004 aliajiriwa katika duka la Bwana Jaswinder, katikati ya jiji, na hakuondoka hapo maisha yake yote. Bwana Jaswinder, ambaye yupo nasi leo, ndiye mtu wa nje pekee aliyeambiwa siri hiyo siku ya kwanza ya kazi. Alimtengea rafu katika friji ya duka, na ikifika saa saba mchana alikuwa akipiga kelele kutoka kaunta, "Haron, weka spana chini! Kula kwanza!" Alipoombwa aeleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alisema tu kwamba hakuna mteja aliyewahi kurudisha friji iliyopita mikononi mwake.

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa na Naliaka, mshonaji, aliyekuwa amepanga chumba ploti ya pili kutoka hapa. Kabla ya kumchumbia alimwonyesha sindano zake zote mezani, akamwambia aende afikirie. Naliaka alirudi baada ya nusu saa. Alikuwa ameenda kumsongea ugali. Walijaliwa watoto wawili, Ivyne na Ryan.

Sasa ni zamu ya Mzee Zedekiah. Jumamosi tarehe 16 Julai 2016, mchana, akitoka benki mjini, alimwona Haron ameegemea ukuta, akitokwa na jasho, miguu ikimpepesuka na maneno yakimkwama mdomoni. Mgonjwa wa kisukari sukari ikimshuka sana huwa hivyo, lakini mzee hakulijua hilo. Alisimama ng'ambo ya barabara. Hakusogea karibu hata kunusa kama kuna harufu ya pombe. Jumapili iliyofuata alipeleka habari kwa wazee wenzake, kwa bidii ya mtu anayetetea nyumba ya Mungu, na tarehe 24 Haron akaitwa kikaoni.

"Haron, ulikuwa umekunywa?"

"Sijawahi kunywa."

"Sasa ulikuwa na nini?"

Haron alimtazama mama yake, akainamisha kichwa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya wakwe kuja kulipa mahari ya Cate. Asubuhi hiyo Bi. Muthoni alikuwa amemsihi mwanawe: "Wakisikia kuna sukari kwa hii nyumba, watasema Cate atawazalia wagonjwa. Ngoja tu hii ipite." Naliaka alitaka kusema, akashikwa mkono. Kikao kikamtenga Haron na Meza ya Bwana mpaka atubu ulevi hadharani.

Ya Cate yalipita salama. Kisha Cate akapata mimba, ikawa tungoje ajifungue. Kisha ya pili. Ile "ngoja" ya wiki mbili ikawa miaka karibu tisa. Kila Jumapili Haron alikuja kanisani na kukaa benchi la nyuma, na mkate ulipopitishwa alitoka nje na Ivyne, na miaka ya baadaye na Ryan, kana kwamba mtoto ndiye anayetaka kutoka. Mzee Zedekiah alimwendea mara mbili kumshauri atubu yaishe. Mara ya pili Haron alimjibu, "Anko, nikitubu pombe, nitakuwa nimedanganya Mungu na mdomo yangu mwenyewe." Mzee alirudi nyumbani akisema kijana ana kiburi.

Watu hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Haron hakuficha maradhi. Alifichwa, naye akatii.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kudhoofika. Daktari alimweleza kwamba sasa dawa itakawia mwilini, na sukari itaweza kumshuka ghafla kuliko zamani, kwa hivyo asikose mlo. Alijitahidi. Jumanne tarehe 11 Machi mwaka huu, siku tatu kabla ya kutimiza miaka arobaini, alimpigia simu baba yake mdogo asubuhi. Friji ya mzee huko Muthangari ilikuwa imeharibika, na Haron aliahidi kufika saa nane. Kwanza alikwenda kutengeneza chumba cha baridi cha hoteli moja mjini. Kazi ilimbana, saa saba ikapita, na huko hapakuwa na Jaswinder wa kumpigia kelele.

Saa tisa na dakika ishirini simu ya Mzee Zedekiah ililia. Ilikuwa namba ya Haron, lakini aliyezungumza alikuwa askari wa jengo moja. "Mzee, jina yako ndio iko juu kwa hii simu. Kuna jamaa ameanguka hapa kwa ngazi. Anatoka jasho, anaongea vitu hazieleweki. Ni kama amekunywa. Tumfanyie nini?"

Mzee alikuwa ameketi karibu na friji inayovuja, amengoja kwa zaidi ya saa nzima, na alikuwa amekasirika. Alijibu: "Mwacheni alale hapo. Pombe ikimtoka ataamka." Akakata simu, akatafuta fundi mwingine.

Askari huyo hana lawama. Alimlaza Haron kando ya ukuta, akamwekea mfuko wake wa spana chini ya kichwa. Saa kumi na moja alipokwenda kumwamsha, hakuamka. Hospitalini walisema alikuwa ameshafariki njiani. Mfukoni mwake mlikuwa na pakiti ya glukosi, imechanwa kona kidogo tu. Daktari alimweleza Mzee Zedekiah, kwa sauti ya upole ambayo mzee angependa isingekuwa ya upole, kwamba saa tisa na dakika ishirini soda moja ingetosha.

Kwa kuwa Haron alifariki akiwa ametengwa, mwili wake haukuruhusiwa kuingia kanisani, na ndiyo maana tuko hapa nyumbani, chini ya hema. Jana mzee aliomba jina lake liondolewe kwa waliotengwa. Alijibiwa kwamba jambo hilo litajadiliwa kikao cha mwezi ujao.

Marehemu ameacha mama yake, Bi. Muthoni, mjane wake, Naliaka, watoto wake, Ivyne, miaka kumi na mmoja, na Ryan, miaka sita, baba yake mdogo, aliye mbele yenu, dada yake, Cate, na shemeji yake, mume wa Cate. Huyu alilisikia neno kisukari kwa mara ya kwanza tukiwa mochari. Alimtazama mkwewe, akamwuliza, "Mama, hii ndio mlikuwa mnaficha? Si hata mamangu ako nayo."

Haron Kuria Macharia hakuwa mlevi. Mungu na ampumzishe kwa amani.